Noti Kwenye Paji la Chiriku

Usiku ule nililala na hasira, na mtu akilala na hasira huwa ameacha mlango wazi. Hasira yenyewe ilikuwa juu ya Kibwana, yule aliyemuua Athumani Chiriku kwa kisu, mchana kweupe, mbele ya ukumbi, mwimbaji wa watu akishusha gitaa lake kwenye pikipiki. Chiriku! Sauti iliyowafanya watu harusini wasahau pilau mbele yao. Mji mzima wa Morogoro ulimlia, na mji mzima ulikuwa na sababu yake mdomoni: wivu. Eti Mwanahawa, mke wa Kibwana, alikuwa akitembea na mwimbaji. Na jioni ile nikapata habari kwamba mashemeji zake wamempa siku tatu atoke kwenye nyumba ya kaka yao. "Malaya halali chini ya bati la ndugu yetu," ndivyo walivyosema, watu wazima wenye ndevu.

Mimi niliposikia sikusema kitu. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema! Wananiita Mninga kwa ajili ya mbao zangu. Niliingia mji huu nikiwa kibarua wa kubeba magogo begani, shule nimeishia darasa la nne, na leo tafuta jengo la maana hapa ambalo paa lake halina mbao yangu. Hulipati. Wenye digrii zao wanakuja kupiga hodi kwangu, nawaambia wangoje kwenye benchi. Hilo siliombei radhi kwa mtu. Lakini jioni ile mdomo ulikuwa mzito, nikalala.

Basi naona niko kiwandani kwangu, asubuhi, jua limekwisha kupanda. Msumeno mkubwa unazunguka lakini hautoi sauti. Chiriku amekaa juu ya rundo la mbao, kavaa shati lake la drafti, safi, halina doa. Na kwenye paji lake la uso imebandikwa noti.

"Mninga," akasema, "nibandue."

Nikaenda. Nikaivuta noti, ikatoka kwa shida, kama plasta kwenye kidonda. Chini yake kulikuwa na noti nyingine, ile ile, na mkunjo ule ule pembeni. Nikabandua na hiyo. Ikaja nyingine. Nilianza kutweta.

"Hii ni yangu," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Asiyejua mambo ya ukumbini nimweleze. Kwetu, ukimtunza mwimbaji kwa noti katikati ya wimbo, hujamsifia sauti tu. Umechagua mstari. Mstari aliokuwa akiuimba unakuwa wako, na yule utakayemgeukia wakati unatunza, huyo ndiye umemwambia. Hakuna anayeuliza. Kila mtu anaelewa.

Nikageuka nizime msumeno, kumbe si msumeno, ni feni la ukumbini, na mimi niko ndani, Jumapili alasiri, bendi inapiga. Nimevaa suti yangu ya kijivu. Meza ya pili yuko Kibwana na mkewe, ananiona, anapaza sauti kabla sijakaa:

"We Mnyamwezi! Suti umeazima, mabega hujaazima! Hayo bado yanadai gogo!"

Watu wanacheka. Na pale mezani pangu wananingoja makandarasi wawili kutoka Dar, wageni, watu wa kunitazama mara mbili. Na wao wanacheka. Mimi Mnyamwezi, Kibwana Mzaramo, watani tangu enzi za babu zetu. Mtani atalizuia jeneza la baba yako njiani mpaka umtoe kitu, na huna ruhusa ya kununa. Kwa hiyo nilicheka. Lakini kiliniingia, bwana, kiliniingia mpaka kwenye mfupa, maana mabega yangu ni kweli.

Na Chiriku anaimba sasa, macho kayafumba kama kawaida yake: *Jembe likiwa butu, mgomba una kosa gani?*

Kibwana na Mwanahawa wana miaka kumi na miwili ya ndoa, na hawana mtoto. Mji mzima unajua.

Najiona ninasimama. Nataka kujizuia, miguu haisikii. Najiona nikienda mbele kwa madaha, mkono juu, noti kati ya vidole viwili. Nambandika Chiriku kwenye jasho la paji lake, hata macho hajafumbua. Halafu nageuka. Nageuka taratibu, mwili mzima, mpaka uso wangu umetazamana na meza ya pili. Nanyoosha na kidole.

Ukumbi ukalipuka. Wanawake walipiga vigelegele, mtu mmoja akagonga meza mpaka chupa zikaanguka. Mwanahawa aliinamia sahani yake. Na Kibwana alicheka, kwa sababu mtani huwa anacheka.

Siku ile nilikomea hapo. Nilirudi kwenye kiti changu nikapokea mikono ya makandarasi. Lakini ndotoni nimebaki nimesimama pale pale mbele, sina njia ya kwenda kukaa, na namtazama Kibwana. Wenzake wamekwisha kuacha kucheka, yeye anaendelea. Mdomo unacheka, macho yanatafuta. Yanatafuta pa kuiweka ile hasira. Yanakuja kwangu, yanatua kidogo, yanaondoka: mimi mtani, kwangu haiwekwi. Yanakwenda kwa mkewe, yanaondoka. Yanakwenda kwa Chiriku, yanakaa hapo.

Hakukuwa na wivu wowote. Nilimpa mtu tusi ambalo hakuruhusiwa kunirudishia, akaenda kumrudishia aliyekuwa na kipaza sauti.

Nikapandwa na hasira kubwa kuliko ile niliyolala nayo. "Usinitazame hivyo!" nikampigia kelele Chiriku. "Kisu nilishika mimi? Nilimtuma mimi? Mpumbavu yule kakasirikia utani, sasa mimi nifanyweje?"

"Kisu alishika yeye," Chiriku akasema. "Kwa kisu atajibu yeye."

"Basi kwa nini usiende kumtokea yeye huko mahabusu? Umekuja kunisumbua mimi, niliyekununulia spika!"

"Wimbo ule uliujua ni wa nani?"

"Wa nani? Mafumbo tu! Nyie waimbaji si mnaimba mafumbo?"

Akashuka jukwaani. Akatangulia, nikamfuata, na mlango wa ukumbi ukatutoa kwenye uwanja wa nyumba yake, kule mlimani karibu na Bigwa. Mkewe amesimama mlangoni na ufagio. Ni saa nane mchana, jua kali, na uwanja una mistari ya ufagio ya asubuhi, mizima, imelala sambamba kutoka ukutani hadi kwenye ua. Hakuna aliyeikanyaga. Hata unyayo mmoja mdogo.

Nilisimama pembeni nikaogopa kuweka mguu.

"Miaka kumi na tisa ya ndoa," Chiriku akasema. "Ndugu zangu walitaka nimwache. Nikamtungia yeye wimbo ule, ili wanisikie bila kugombana nao. Mtani hutania kwa kinywa chake, Mninga. Wewe uliazima changu."

Nilitaka kusema sikujua. Lakini hata kama ningejua? Siku ile, na wale wageni mezani, na lile neno la mabega? Ningesimama tu. Ndilo lililonichoma.

"Polisi walikuuliza," akasema.

"Waliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema ni wivu. Nilisema yule mwanamke... nilisema watu wanasema."

"Nilikusikia."

Akaanza kujibandua mwenyewe, noti baada ya noti, zinaanguka kwenye ile mistari ya ufagio, na paji halionekani. Sauti yake ikawa inakwenda mbali ingawa yeye hajasogea.

"Sijawahi hata kumpa mkono yule mwanamke. Kaseme uligeukia wapi."

"Watanicheka, Chiriku! Mji huu nimeujenga mimi! Watasema Mninga ndiye aliyemuua!"

"Kaseme uligeukia wapi."

Nikamtukana. Ndiyo, nimemtukana marehemu, tusi la vibarua wa magogo, na kwa tusi lile lile nikaamka.

Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha. Mke wangu, Mama Rehema, alikuwa amekaa kitandani ananitazama.

"Unagombana na nani, baba Rehema?"

"Na Chiriku."

"Anasemaje?"

Nikainuka nikakaa. Nikaangalia ukuta. Halafu nikalisema, mara ya kwanza kwa sauti, na lilitoka likikwaruza: "Siku ile ya noti. Nilimgeukia Kibwana. Nikamnyooshea kidole."

Sikuona mshtuko usoni kwake. Alichukua kanga yake akajifunga kichwani, polepole.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nimekaa na kina mama nyuma. Nilikuona ulivyogeuka."

"Ulijua? Muda wote huu ulijua?"

"Nilikuwa namngoja mume wangu. Nilisema huyu mtu kwa kusema hana mpinzani, siku moja na hili atalisema." Akavuta pumzi. "Mwanahawa kesho ndiyo siku yake ya mwisho pale nyumbani."

Nikakasirika naye, nikakasirika na Kibwana, na mashemeji wenye ndevu, na wale makandarasi waliocheka, na hasira zote zikazunguka chumbani hazikupata pa kutua isipokuwa kwangu. Nikatafuta viatu.

"Vaa twende wote," nikamwambia. "Tuanze kwa wale mashemeji, mlangoni pao, kabla hawajatawanyika makazini. Halafu polisi. Na nikianza kuzungusha maneno, wewe nikatize."

"Nitakukatiza," akasema Mama Rehema, na alikuwa amekwisha kushika kitasa cha mlango.