Maji Yakijaa Saa Sita

Kwa miaka ishirini na tisa Laban Dabaso amewavusha watu Mto Tana pale Hewani kwa mtumbwi wa gogo moja. Hajaupindua hata mara moja, na humkumbusha hivyo kila abiria anayeshika ukingo kwa woga. Kwaya ya akina mama wa kanisa lake ilipopanga safari ya siku moja kwenda Lamu, Agosti iliyopita, ilimchagua yeye awe mwanamume pekee wa msafara. "Huyu ni mtu wa maji," walisema. Hakuwaambia kwamba bahari hajawahi kuiona.

Mkewe, Elsie, mwimbaji wa sauti ya pili, alikuwa na sababu yake ya kusafiri. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kuketi mezani akaletewa chakula kilichopikwa na mtu mwingine, isipokuwa matangani, na huko huwa anaosha masufuria baadaye. Laban alimwahidi wali wa nazi na samaki wa kupaka, mkahawani, akiitazama bahari.

Walifika Mokowe saa tatu, wakapanda boti. Laban alikaa mbele na kumkosoa nahodha kwa sauti njia nzima. Nahodha, mwenyeji wa Lamu aitwaye Sadiq, aliendesha bila kugeuka mpaka walipofika gati la Lamu.

"Kina mama, maji yatajaa saa sita. Boti sitaiacha hapa. Nitafuteni gati la pili."

Wanawake walisikia habari ya boti. Laban alisikia habari ya maji.

Kwa mtu wa Hewani, maji yakijaa maana yake ni moja: mto umevunja kingo, mahindi yamekwenda, na watu wamebeba kuku na magodoro kuelekea Minjila, kwenye mwinuko. Kupwa na kujaa kwa bahari alifundishwa darasa la sita. Siku hiyo somo halikumjia. Alihesabu ngazi kavu za gati: kumi na moja. Kufikia saa tano zilikuwa saba. Mtoni, maji yakipanda hivyo, hakuna anayengoja kuitisha mkutano.

Aliwakuta wenzake mkahawani, ukingoni mwa bahari, wakisubiri chakula.

"Inukeni! Mafuriko!"

Wanawake hao Laban amewaokoa katika mafuriko mawili. Waliinuka bila swali, mmoja akiwa bado na gilasi ya mkahawa mkononi, wakamfuata vichochoroni, wakajibanza ukutani kumpisha punda asiyekuwa na haraka, hadi sehemu ya juu ya mji. Hapo wakaanza wimbo wa kuomba rehema. Wimbo ulichechemea, sauti ya pili ilikuwa nyembamba mno. Laban akahesabu vichwa. Elsie hakuwepo.

Alirudi mbio. Elsie alikuwa palepale, samaki mzima mbele yake. Bahari ilikuwa ikipiga ukuta, kiasi cha urefu wa mkono mmoja chini ya kiti chake.

"Mama Hope! Unangoja nini?"

"Pilipili."

"Maji yako ukutani!"

"Nayaona. Si ndiyo niliyokuja kuyaona?"

"Utasombwa!"

"Basi nitasombwa nimeshiba. Miaka ishirini na sita, Baba Hope. Siinuki."

Mwenye mkahawa, mwanamke aitwaye Mwanaarusi, alikuja na pilipili. Nyuma yake, sahani kumi na mbili zilikuwa zinapoa.

"Baba, niambie. Wale wenzio nimewakosea nini?"

"Mama, maji yanajaa!"

"Yajaa, ndiyo. Kisha yatoka. Kila siku, mara mbili."

"Kila siku?"

"Hata Idi."

"Na nyinyi mnakaa tu?"

"Twauza samaki."

Laban aliutazama ukuta. Ulikuwa na mstari wa kijani, ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, na maji yalikuwa yamefika hapo yakatulia. Alivuta kiti akakaa, kisha akasimama tena.

"Wale wako juu wanaomba," alisema.

"Nenda kawaite, chakula kinapoa," Elsie alisema.

"Niwaambie nini?"

Elsie alitoa mwiba mdomoni, akauweka kando ya sahani.

"Waambie umeyazuia."

Laban alitoka akipanda kichochoro polepole, kama mtu anayetunga hotuba. Elsie akamgeuza samaki, akaanza upande wa pili.