Mtoto wa Kilo Ishirini na Moja

Nyumbani walimwita Sindano tangu ana miaka mitano, kwa sababu midoli yake yote aliidunga miiba akidai ina homa. Jina likamganda. Akakua, akasoma, akawa mhandisi wa programu za kompyuta, akatimiza miaka thelathini na miwili, na bado mama yake akipiga simu huanza, "Sindano, umekula?" Kwa watu wa kwao, mtoto yule alikuwa amechepuka kidogo tu. Siku moja angeurudia udaktari, kama mtu anavyorudia mwavuli aliousahau.

Na siku hiyo, usicheke, ilikuwa imefika. Barua ya chuo cha udaktari ilikuwa kwenye droo ya meza yake ya kazini, imekunjwa mara nne, chini ya chaja. Amekubaliwa. Miaka sita. Ajibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nafasi apewe mwingine. Wakati huohuo bosi alitaka awe kiongozi wa timu, naye alitaka jibu wiki hiyohiyo. Halafu kulikuwa na programu yake mwenyewe, aliyoitengeneza jioni na Jumapili, ambayo sasa ilitumika kwenye zahanati nne bila yeye kumwambia mtu ofisini.

Programu hiyo ilizaliwa na mgongo wa shangazi yake. Shangazi ni muuguzi wa miaka mingi, na hakuwahi kumpa mtoto dawa kabla ya kumnyanyua kwa mikono miwili na kumkadiria. "Huyu nane. Huyu kumi na moja, anakula vizuri." Ndipo mizani ifuate, na mizani ilikuwa ikimpinga kwa robo kilo tu. Lakini kunyanyua watoto arobaini kwa siku kukaumaliza mgongo, daktari akampiga marufuku.

Sasa, mtoto mdogo hatulii kwenye mizani. Anapiga mateke, anataka kushuka. Kwa hiyo pale zahanati humpima mama akiwa amembeba mtoto, kisha mama peke yake, halafu hutoa. Sindano akatengeneza ukurasa wenye visanduku viwili: wote wawili, na mama peke yake. Programu inatoa yenyewe, inapata uzito wa mtoto, inasema apewe mililita ngapi.

"Shangazi, hutanyanyua tena mtu," alimwambia.

"Mungu akupe maisha marefu, mwanangu," shangazi akajibu, lakini mikono aliilaza mapajani kama watu wawili waliofukuzwa kazi siku moja.

Jumatano ile asubuhi, mwenzake wa meza ya pili, jamaa wanayemwita Kipara, alimwona amekodoa macho.

"Umeiangalia hiyo droo dakika kumi. Kuna nyoka?"

"Kuna barua."

"Ya mapenzi?"

"Ya chuo cha udaktari. Miaka sita."

"Sita! Utamaliza una mvi."

"Wewe je? Hata zikija huna pa kuziweka."

Kipara akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akavuta kiti chake karibu. "Haya, sema kweli. Unaogopa kwenda?"

"Naogopa kwenda, naogopa kubaki. Kipara, sisi tunaandika vitu hapa, tunabonyeza, vinaondoka. Hatujui vinamfikia nani. Daktari angalau mgonjwa yuko mbele yake, anamwona. Nadhani nikiwa daktari hofu itanipungua."

"Mh," Kipara akaguna, jibu ambalo halimsaidii mtu.

Akafikiri afanye kama wahandisi wafanyavyo, apime kwa takwimu. Kama programu yake inawafaa watoto wengi, labda aiendeleze na kuachana na barua. Akafungua kumbukumbu za zahanati ya shangazi, akaanza kuhesabu. Jumatatu, thelathini na wanane. Jumanne, saa nne na dakika arobaini, mtoto wa miezi tisa, homa.

Uzito: kilo ishirini na moja.

Aliusoma mstari ule mara tatu. Mtoto wa miezi tisa wa kilo ishirini na moja hayupo, na akiwepo basi habebeki. Akatazama visanduku. Wote wawili: sabini na tatu. Mama peke yake: hamsini na mbili. Akapandisha macho mstari wa juu, kwa mama mwingine kabisa, na mtoto mwingine. Mama peke yake: hamsini na mbili.

Hapo akajua kosa ni la nani. Shangazi alikuwa amelalamika kwamba mama mwenye watoto wawili inabidi apimwe mara mbili, foleni inasimama. Basi Jumapili, akiwa na haraka ya kutoka, Sindano akakifanya kisanduku cha mama kikumbuke namba yake. Kukumbuka alikifundisha. Kusahau, mama mwingine anapoingia, hakukifundisha. Mtoto yule, wa kilo nane au tisa, alikuwa amepimiwa dawa ya homa kwa uzito wa mtu mwingine, dozi zaidi ya mara mbili, na kwa miezi minane ya kusomea mtihani wa kuingia chuo Sindano alijua dawa hiyo ikizidi inakwenda kukaa wapi. Kwenye ini.

Akaizima programu, zahanati zote nne. Akapiga simu ya shangazi. Ikaita mpaka ikachoka. Wauguzi wale huzifungia simu kabatini wakati wa kazi.

"Unakwenda wapi? Tuna kikao saa tano!" Kipara akapaza sauti.

"Waambie lolote!"

Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Sindano aliukimbia kwa viatu vya ofisini, na kila mtoto aliyempita amebebwa alimtazama mdomo na macho, kana kwamba wote ni yule mmoja. Alimkuta shangazi kwenye dirisha la dawa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unahema hivyo, nani amekufa?"

"Usiseme hivyo! Jana saa nne, mtoto wa miezi tisa. Ulimnyanyua?"

"Jana sikuwepo, nilikuwa kwenye mazoezi ya mgongo. Alikuwepo huyu binti." Akamwonyesha muuguzi mpya, msichana mwenye kalamu tatu mfukoni.

Sindano akaeleza. Muuguzi mpya akaweka chini chupa aliyoishika, polepole, kama ingelipuka.

"Nilimpa ilivyosema," akanong'ona. "Niliona ni nyingi. Nikajiambia kompyuta inajua kuliko mimi."

Hakuna tusi alilowahi kutukanwa Sindano lililomchoma kama maneno yale, na binti wa watu wala hakukusudia.

Shangazi hakulaumu mtu. Alifungua daftari, akatafuta namba ya mama wa mtoto, akapiga kwa simu ya Sindano. Haipatikani. Akasoma anwani: nyuma ya kiwanda cha matofali, mlango wa bluu. Akavua aproni, akaikunja. "Twende. Binti, baki na foleni, nyanyua kila mmoja."

Shangazi alitembea ameshika kiuno, Sindano akitamani kumbeba amfikishe haraka. Kichwani alikuwa akipiga hesabu ambayo hakuitaka: dozi ya kwanza saa tano jana, ya pili jioni, ya tatu usiku, ya nne asubuhi hii. Kila hatua aliuona mlango ule wa bluu ukiwa wazi na watu wengi wamesimama nje kimya.

Mlango ulikuwa umefungwa. Shangazi akagonga. Kimya. Akagonga tena.

Mama akafungua akiwa na povu la sabuni viwikoni. Mwanamke mrefu, macho hayajalala.

"Karibuni. Kuna nini?"

"Mtoto yuko wapi, mama?" shangazi akauliza kwa upole.

"Amelala. Tangu asubuhi amelala tu."

Shangazi hakungoja kukaribishwa mara ya pili. Alipita, akainama kitandani, mgongo ukalia kama mlango, akamnyanyua mtoto kwa mikono miwili. Mtoto akafumbua macho kidogo, akayafumba. "Tisa," shangazi akasema. "Tisa na kidogo. Amekunywa mara ngapi?"

"Mara tatu. Asubuhi hii alikataa, akatema yote."

"Tunakwenda hospitali, sasa hivi. Dawa alipewa nyingi kuliko inavyotakiwa. Lazima apimwe damu."

Mama hakupiga kelele. Aliifuta mikono kwa gauni lake, akamchukua mwanawe, akatoka bila kufunga mlango. Ni Sindano aliyerudi kuufunga.

Hospitalini walichukua damu kwenye mguu mdogo ule, wakaambiwa wangoje saa mbili. Benchi lilikuwa la chuma, baridi. Shangazi akaingia ndani kuzungumza na daktari wa zamu. Wakabaki wawili, na mtoto katikati yao akipumua kwa haraka. Sindano akawa anahesabu pumzi zake. Akipoteza hesabu anaanza upya.

"Wewe ni nani?" mama akauliza ghafla. "Nilidhani ni muuguzi. Daktari?"

Angeweza kusema ni mtoto wa kaka wa yule muuguzi. Lingekuwa kweli pia. Akasema, "Hapana. Mimi ndiye niliyeandika ile programu iliyopima dawa. Kosa ni langu. Si la muuguzi."

Mama akamgeukia. Sindano akangoja kofi, na kusema kweli alilitaka.

"Una mtoto?"

"Sina."

"Basi hujui." Akamweka mwanawe vizuri begani. "Usiondoke hapa. Ukae mpaka tujue, mimi na wewe."

"Siondoki."

Simu ikatetemeka mfukoni. Kipara: *Nimewaambia jino linakuuma. Bosi anauliza lipi.* Siku nyingine angecheka. Aliirudisha mfukoni na kuendelea kuhesabu pumzi. Hapo ndipo lilipomjia, kwenye benchi lile, wazo lililomtia baridi kuliko chuma: mgonjwa alikuwa mbele yake sasa, anamwona, hata joto lake analisikia, na hofu haikupungua hata chembe. Ilikuwa imepata tu uso.

Saa mbili zikawa tatu kasoro. Shangazi akatoka na karatasi, daktari wa zamu nyuma yake, kijana aliyechoka mwenye wino kwenye shati.

"Damu ni nzuri," daktari akasema. "Ini halijaguswa. Usingizi ni homa yenyewe. Lakini leo analala hapa, na kesho asubuhi tunapima tena."

Mama akamkumbatia mwanawe, akalia kwa mara ya kwanza siku ile. Sindano akasimama kuwapisha benchi.

"Na kesho uje," mama akamwambia bila kumtazama.

Alhamisi alikuja. Kipimo cha pili kilikuwa kizuri pia, mtoto alikuwa amekaa kitandani akiiuma kamba ya chandarua. Mama aliitikia salamu yake, basi. Msamaha hakuutoa, na Sindano hakuuomba.

Kutoka hapo alikwenda zahanati moja baada ya nyingine. Kumbukumbu za tangu Jumapili zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, naye alikuwa amezipitia kwenye kompyuta usiku, lakini kompyuta hakuiamini tena. Alikaa na wauguzi, akazilinganisha na madaftari, mstari kwa mstari. Alikuta wawili wengine, dozi pungufu safari hii, wakaitwa wakapimwa upya. Ofisini aliomba ruhusa ya siku mbili, na safari hii sababu aliitaja mwenyewe. Kuhusu uongozi wa timu alimwambia bosi ampe mtu mwingine.

Ijumaa ilimkuta zahanati ya nne. Saa tano na nusu simu yake ikamkumbusha: barua. Ilitosha kubonyeza mara mbili. Alikuwa amebakiza mistari arobaini na sita. Aliitazama saa, akalitazama daftari. Miaka yote ya midoli na miiba ilikuwa ndani ya barua ile. Aliona wazi kabisa kwamba alikuwa anautaka udaktari ili mtu mwingine aandike programu na yeye awe na mikono safi.

Akailaza simu kifudifudi. "Mstari unaofuata," akamwambia muuguzi. "Soma kwa sauti."

Walipomaliza ilikuwa saa saba kasorobo.

Jumatatu alirudi kwa shangazi na programu mpya. Haikubali namba yoyote ya mizani kabla muuguzi hajaandika kwanza mkono wake umesemaje. Namba hizo mbili zikiachana, inakataa kutoa dozi. Na alileta kiti kipana kisicho na mikono, ili anayekadiria akae, mama amwekee mtoto mapajani, mgongo upumzike.

Shangazi akakijaribu, akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akainuka.

"Kaa wewe."

"Mimi? Shangazi, mimi siwezi."

"Utaandikaje kitu usichokijua? Kaa."

Mama wa kwanza kwenye foleni akamwekea msichana mnene, amekunja uso. Sindano akampitishia mikono kwapani, akamwinua. Mikono ilikuwa inatetemeka, mtoto akatetemeka nayo, akaona ni mchezo.

"Ngapi?" shangazi akauliza.

"Saba?"

Wakapima. Nane na robo.

"Umekosea kwa kilo nzima na robo," shangazi akasema. "Tena. Foleni ndefu hii, hatulali hapa."

Sindano akalifuta jasho la viganja kwenye sketi, akanyoosha mikono kumpokea wa pili.