Kilio Nyumbani kwa Mbunge

Mimi sina machozi ya karibu. Mume wangu alipenda kusema kwamba siku nikifiwa nitaanza kwanza kugombana na mchimba kaburi. Kwa hiyo nikisimulia kwamba niliwahi kuongoza kilio, tena nyumbani kwa mbunge, watoto wangu hucheka kabla sijafika mbali.

Ilikuwa miaka ile kampuni ya shaba ilipokuwa ikianguka hapa Kolwezi, na watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakifukuzwa. Jirani yangu alikuwa mmoja wao. Tuligombania bomba la maji miaka mitatu kabla hatujapendana, na tulipopendana tulipendana kweli. Mumewe alizaliwa hapa hapa, akafanya kazi kiwandani hadi kichwa kikajaa mvi, kisha asubuhi moja akaambiwa arudi kwao. Kwao wapi, hakuna aliyemweleza. Wakahamia stesheni pamoja na mamia ya wengine, wakajenga vibanda vya maturubai, wakangoja treni ambayo haikuwa ikija.

Jirani yangu alikuwa na kisukari. Miaka yote sindano zake alizipata bure katika hospitali ya kampuni, kwa kadi ya matibabu ambayo kila mfanyakazi alikuwa nayo kwa ajili yake na familia yake. Siku mumewe alipofukuzwa, kadi ilifutwa. Zilimbakia chupa mbili za dawa, tukazihifadhi ndani ya mtungi wa maji zisiharibike kwa joto. Ya kwanza ilipokwisha nilishikwa na hofu ambayo sikumwonyesha.

Wala si kadi za Wakasai tu zilizoguswa. Sisi wengine nasi tulianza kuambiwa tuje na pamba yetu, sindano yetu, dawa yetu. Mbunge wetu alikuwa ameahidi sheria: kila kampuni ichangie mfuko wa matibabu ya wafanyakazi wake, hata waliosimamishwa, ianguke isianguke. Tulimpigia makofi mpaka viganja vikawaka moto. Kisha sheria ikalala. Yeye akajenga ukuta mpya kwa saruji ya kampuni, akaendeshwa kwa gari la kampuni, na mkewe akajifungulia katika wodi ya wakubwa wa kampuni bila kadi yoyote. Wanawake tulimwendea mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa kikaoni, ya pili amelala, na ya tatu mlinzi alisema tu kwamba bwana amechoka kutuona.

Hapo hasira ikanifungua akili. Kwetu hakuna mtu anayefukuza watu wa kilio. Wakifika, wakavua viatu, wakafungua vitambaa vya kichwa na kuketi chini, umeshawapokea. Na kwenye kilio lazima mtu asimame aeleze ugonjwa: ulianza lini, nani aliambiwa, nani alifanya nini. Aliyeambiwa akanyamaza, jina lake husikika mbele za watu. Nikawaambia wenzangu kwamba matibabu yetu yamekufa, basi twende tukayalie kwa yule aliyekuwa akiyauguza. Mume wangu alinikataza kwa kuhofia kazi yake, maana siku zile kumtetea Mkasai kulitosha kukuingiza nawe kwenye orodha ya wanaofukuzwa. Nilimwambia uji uko jikoni, nikatoka.

Tulikuwa ishirini hivi, Jumamosi asubuhi, mikeka mikononi. Mlinzi alipoona vichwa wazi alivua kofia, akafungua lango mwenyewe. Tukaketi, tukaanza kulia. Nilichosahau ni kwamba Kolwezi haisikii kilio ikabaki nyumbani. Kufika saa nne uwanja ulikuwa umejaa: majirani na kuni, wauzaji wa sokoni na unga, wanakwaya wa parokia na ngoma zao, wote wakiulizana mbunge ameugua nini hata akafa. Mwenyewe alipotokeza barazani na nguo za kulalia, watu wakapiga mayowe. Kisha akaingia mama yake mzazi, ametoka mtaa wa pili mbio, miguu mitupu, akiliita jina la mwanawe. Alipomwona amesimama mzima, akakaa chini. Nilimwonea huruma kweli, maana hilo hatukulipanga.

Mama huyo akauliza, "Sasa njo nani alikufa?"

Nikasimama. Nikaeleza ugonjwa wote: sheria ilivyozaliwa, nani aliiahidi, nani aliendewa mara tatu, saruji, gari, wodi. Nikamalizia na jirani yangu aliyeko stesheni na chupa moja iliyofika nusu. Hapo machozi yaliyonitoka hayakuwa ya kuigiza. Mbunge akaanza maneno ya tume na vikao. Mama yake akainua mkono.

"Tata, mutoto wangu, nyamaza. Mi nilikuzala ku hopitali ya kampani, bure. Balikupasula mara mbili ukiwa mutoto, bure. Na ule mama wa kungoja treni ku gare, ye afe? Vaa viatu, tunaenda."

Alivaa. Mama na mwana wakatangulia kwenda ofisini kwa mkurugenzi wa kampuni, ng'ambo ya hospitali, sisi nyuma yao, na kwaya ikaacha nyimbo za msiba ikashika za Pasaka bila kuambiwa na mtu. Mkurugenzi hakuweza kumngojesha mlangoni mtu anayekula naye meza moja. Saa moja baadaye karatasi ikatoka na mihuri yake: wote walioko stesheni watibiwe kwa kadi zao za zamani hadi treni ije, na wapewe dawa za njiani. Tulipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Sheria yenyewe haikupita, na inanikera hadi leo. Lakini treni ilipokuja, wiki tano baadaye, nilikwenda kuwaaga. Ngazi ya behewa ilikuwa juu, nikanyoosha mkono nimsaidie jirani yangu.

"Acha, mama ya kilio," akaniambia. "Mi niko na nguvu."

Akajitwika mzigo wake, akapanda kwa miguu yake mwenyewe.