Kuduro ya Chumba cha Kufulia

Kuduro nilijifunzia Mbagala, kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba yetu. Ni muziki wa Angola, unatengenezwa kwa kompyuta na unakwenda mbio. Sisi tuliupata kwenye simu ya kijana wa jirani. Kwenye video vijana wa Luanda wako barabarani, nyuma yao nyumba za mabati kama zetu, wamevaa malapa kama yetu, wanacheza kana kwamba magoti yamevunjika. Mmoja alikuwa na mguu mmoja na gongo la kutembelea, na aliwashinda wote. Nilikuwa nimemaliza la saba na sikuendelea. Mbele za watu sauti yangu ilikuwa haitoki. Lakini muziki ule ukipigwa niliingia katikati bila kuitwa, na wavulana walisogea wakanipisha.

Maskati nimekuja kufanya kazi za ndani, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kwa watu wenye asili ya Zanzibar. Mama mwenye nyumba hajawahi kuninyima chakula wala kunitukana. Nasema hivyo nisije nikamsingizia. Binti yake mdogo anasoma chuo, tunalingana umri, na ananiita dada.

Siku moja alinikuta kwenye chumba cha kufulia, juu kwenye paa. Mashine ilikuwa inakamua nguo kwa kishindo, nami nacheza kwa kufuata kile kishindo.

"Yallah! Nini hiyo?"

"Kuduro."

"Maana yake?"

Niliona haya, lakini nikamwambia kama nilivyoambiwa Mbagala. "Matako magumu."

"Astaghfirullah!" Alicheka mpaka akakalia kapu la nguo. "Nifunze, dada. Wallahi nifunze."

Tangu hapo, kila nguo zilipokuwa kwenye mashine, tulicheza. Miguu aliipata upesi. Kuanguka kulimshinda.

"Usikae chini," nilimwambia. "Anguka, kama mtu aliyesukumwa."

"Ntavunjika, shoga!"

"Mbona mimi sijavunjika?"

Alijaribu tena na tena, na kila mara mkono wake ulitangulia kuipapasa sakafu. Mtu ambaye hajawahi kusukumwa, sijui unamfundishaje.

Dada yake mkubwa alikuwa anaolewa. "Siku ya hina tutacheza sote wawili," aliniambia. "Wewe unaanguka, mie nnafata. Watapiga makelele hao!" Nilikitamani kitu hicho kuliko likizo. Tangu nifike nchi hii hakuna aliyenitazama isipokuwa kuona kama nimemaliza kazi. Nilitoa dera langu la buluu sandukuni, nikalipunguza chini lisininase miguu.

Hina ilikuwa alasiri, wanawake watupu. Wageni wakishaingia huvua abaya na mitandio, kwa hiyo hapigwi mtu picha, na simu zote huachwa mlangoni. Nilikuwa nimeshavaa dera wakati mama aliponiita.

"Mwanangu, kaa hapa na kapu la simu. Hawa wengine watachanganya ya huyu na ya yule. Wewe mtulivu, nnakuamini."

Nilitaka kumwambia kwamba ndani kuna watu wataniona leo. Sauti haikutoka. Binti alikuwa amesimama palepale, anafunga hereni. Neno lake moja lingetosha. Alinitazama juu mpaka chini.

"Dera zuri, dada," akasema, akaingia ndani.

Nikakaa na kapu mapajani. Kila mgeni alinipa simu yake, nikaitia kapuni, kwenye kifuko chenye jina lake. Kisha muziki wetu ukapigwa. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamwona peke yake katikati ya zulia, na wanawake wamemzunguka. Aligeukia mlangoni, macho yetu yakakutana, akageukia upande wa pili. Akacheza. Ulipofika mdundo wa kuanguka, mkono wake ulitangulia, akakaa chini taratibu. Vigelegele vikajaa nyumba. Simu zilikuwa zinatetemeka mapajani mwangu, na miguu yangu chini ya kapu ilikuwa inacheza yenyewe. Nikaikanyaga mmoja kwa mwingine.

"Mtoto kayajulia wapi haya?" mgeni mmoja aliuliza.

"Kwenye simu tu," mama alijibu huku anacheka. "Vijana wa siku hizi, kila kitu kwenye simu."

Baadaye binti alitoka mbio, jasho linamtiririka.

"Umeniona, dada? Umeniona?"

"Nimekuona."

"Mkono niliweka?"

"Uliweka."

Uso ukamshuka kidogo. "Lakini wao hawajui," akasema, akarudi kwa wenzake.

Kesho yake alipanda tena juu. Nilikuwa natia mashuka ya wageni kwenye mashine.

"Dada, bado siku ya harusi yenyewe. Nifunze nyengine."

"Sijui nyingine," nikamwambia.

Akashuka. Nikaiwasha mashine, nikasimama wima mbele yake mpaka ilipomaliza. Nazijua nyingi.