Mshona vitambaa vya majeneza aliyeona kila mtu ana mwenzake

Jua halijapanda vizuri juu ya mabati ya Busia, upande wa Uganda, na Harriet Aguti ameinua sindano mbele ya uso wake. Anaitazama bila kupepesa. Hatungi uzi bado. Anahesabu.

“Moja,” anasema kwa sauti ya chini, kisha ndipo anapotunga uzi.

Nyuma yake majeneza matano yameegemea ukuta, vifuniko vimewekwa kando, matumbo wazi. Kazi ya Harriet ni kuyavika ndani: kitambaa cheupe chenye mikunjo, mto mdogo wa kichwa, na utepe wa kuzunguka ukingo. Kwa kila jeneza analipwa shilingi elfu kumi za Uganda. Karakana hii iliyo kando ya barabara ya Tororo ni ya fundi Bwire, mzee Msamia mwenye maneno mengi, na ina desturi zake. Hakuna anayepima ubao kwa kujilaza juu yake, hata kwa mzaha. Na mteja akiondoka, haambiwi “karibu tena”.

“Hiyo ukisema hapa, utafukuzwa na mteja na mimi,” anasema Bwire.

Harriet ana miaka thelathini na minne. Anaishi na kifafa tangu akiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, alipoanguka kisimani na wenzake wakakimbia na madumu yao, wakamwacha peke yake majini hadi kiunoni. Walikuwa wameambiwa kwamba povu la mtu wa kifafa likikugusa, ugonjwa unahama. Alijiokoa mwenyewe, hakumbuki vipi.

“Mtu wa kifafa anazoea kuamka na kuona viatu ya watu mbali,” anasema. “Hawaondoki. Hawakaribii. Wanasimama tu.”

Lakini miezi michache iliyopita alianza kuona kitu kingine, na hicho nusura kimnyang'anye kazi yake.

Ilianza na sindano. Asubuhi moja zilikuwa mbili, zimesimama sambamba, na kila alipolenga tundu la moja, uzi ulipita hewani. Alijichoma kidole, na kitambaa cheupe kikapata doa la damu. Aliinua macho kumwita Bwire akaona Bwire wawili, mmoja akipiga randa, mwingine amesimama kando yake juu kidogo, kama mtu aliyepanda kwenye jiwe, naye akipiga randa.

Alifumba macho. Alipoyafumbua, wote wawili walikuwa wakimtazama.

Aliporudi nyumbani jioni hakusema neno. Lakini kesho yake hali ikawa ileile, na keshokutwa. Sokoni kila mchuuzi alikuwa na mwenzake. Kanisani kwaya ilijaa kuliko benchi zake. Waendesha baiskeli waliokuwa wakivuka kwenda Kenya walipita na wapanda baiskeli wengine ubavuni, kimya, bila kugongana. Wakati mwingine, mchana ulipoingia, wale wa kando waliondoka. Asubuhi walikuwa wamerudi.

“Sikuwaogopa,” anasema. “Niliogopa kuambia mtu. Mtu akiwa na kifafa, watu wako tayari kuamini chochote juu yake.”

Siri ilitoka alasiri moja, saa ambazo kwa kawaida macho yake yalikuwa yametulia. Familia kutoka Buhehe ilikuja kuchukua jeneza la baba yao. Harriet alikuwa amepiga magoti akimalizia utepe. Akamgeukia Bwire akauliza, kwa nia njema kabisa:

“Mzee, ile ya pili nani anashona? Hapa iko mbili.”

Wanafamilia walibeba jeneza lao moja, wakalifunga kwenye gari wakaenda.

Kabla matanga hayajavunjwa, dada wa marehemu alifia palepale alipokuwa ameketi na waombolezaji. Wale watu wa Buhehe walirudi karakana. Mkubwa wao hakumsalimia Bwire. Alimtazama Harriet.

“Tumekuja kuchukua ile ya pili,” akasema.

Tangu siku hiyo Harriet hakuwa tena mwanamke wa kifafa tu. Kina mama waliokutana naye njiani waliwafunika watoto nyuso kwa leso. Wengine walikuja kwa siri, jioni, wakisimama mlangoni na kuuliza, “Mimi unaniona wangapi?” Mwanamume mmoja alimletea kuku ili amwambie. Harriet alimfungia mlango, na kuku akamkataa. Kuku aliachwa akilala nje, amefungwa miguu, mpaka jirani akamchukua.

Hata nyumbani kwa kaka yake Ebong mambo yalibadilika. Ebong na mkewe Carol walikuwa wamepata mtoto wa kiume baada ya kungoja miaka mingi. Carol hakuwahi kumpa Harriet mtoto ambebe, akihofia aanguke naye. Sasa hakutaka hata amwone. Harriet akiingia uani, mtoto alipelekwa chumbani.

Bwire naye alikuwa na shida yake. Wateja walianza kumpita na kwenda kununua Tororo.

“Binti yangu, watu wanakufa vilevile,” alimwambia, “lakini wanapita hapa kama wanapita nyumba yenye mbwa. Tibu hayo macho. Mwezi ukiisha bado unaona mbili mbili, nitatafuta mtu mwingine wa sindano. Usinune.”

“Sinuni, mzee. Nawatazama wote wawili, niwanunie yupi?”

Bwire alicheka. Kisha akageuka kuangalia kando yake.

Usiku huo Harriet alifikia uamuzi. Alikuwa anatumia dawa kila siku, na bado ameongezewa balaa juu ya ugonjwa. Angezitupa dawa zote chooni. Heri kuanguka kuliko kuona.

Kilichomzuia ni kwamba kesho yake ilikuwa Jumatano.

Kila Jumatano, wagonjwa wa kifafa wanaokuja kuchukua dawa katika kituo kimoja cha afya upande wa Uganda hukaa pamoja nyuma ya jengo baada ya kuhudumiwa. Kundi lao halina jina. Kiongozi wao ni Okware, fundi wa baiskeli, Mteso mrefu mwenye kovu kwenye paji la uso. Wana kanuni moja ambayo Okware huirudia kila mgeni anapoingia: sema la mwili wako. Ukiulizwa swali juu ya dawa, jibu kwa yaliyokupata wewe. Ya shangazi, ya mchungaji na ya jirani yabaki nyumbani.

Harriet aliketi mwisho wa benchi, akatazama chini ili asiwaone walivyo wengi.

“Niko na swali,” alisema. “Kuna mtu hapa anaona watu mbili mahali mtu ni moja?”

Habari za Buhehe zilikuwa zimefika hata pale. Mzee mmoja alisogea mbali kidogo.

Okware ndiye aliyeanza. “Mimi niliona barabara mbili,” alisema. “Niko kwa baiskeli. Nikachagua moja. Nikachagua ile haiko.” Akagusa kovu. “Mtaro wa Malaba ndio ulinijibu.”

Watu walicheka, na yule mzee akarudi mahali pake.

“Ulikuwa unatumia dawa gani?” aliuliza mwanamke aliyeketi karibu na mlango wa nyuma. Huyo ni Edah, Mkenya muuza mitumba, ambaye huvuka mpaka kila Jumatano. Mkono wake wa kulia umekunjamana kwa kovu la moto kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Okware akajibu kwamba ni ya hapa kituoni, na kwamba walimpunguzia kipimo. Edah akamgeukia Harriet.

“Na wewe, dada? Toa tuone.”

Harriet alifungua mkoba akatoa pakiti moja. Kisha akatoa ya pili.

Hapo ndipo penye kosa ambalo labda ni watu wa mpakani tu wanaoweza kulifanya. Hapa sabuni inanunuliwa upande mmoja na sukari upande mwingine, na hakuna anayeona ajabu. Wakati fulani dawa za Harriet zilipokosekana Uganda, alivuka akanunua kwenye duka la dawa upande wa Kenya. Vidonge vilikuwa na rangi nyingine, pakiti nyingine, jina jingine. Vile vya Uganda viliporudi, hakuacha vile vya Kenya. Alivimeza vyote pamoja kila asubuhi.

“Nilisema mlinzi mmoja anaweza kulala,” anaeleza. “Wakiwa wawili, wataamshana.”

Edah aliziweka pakiti zile mbili gotini mwake.

“Mimi nilifanya hivi hivi,” alisema. “Ya kwetu asubuhi, ya huku asubuhi. Nikawa naona kila mtu na mwenzake. Nikatembea kama mlevi, watu wa soko wakaniita mama chang'aa. Daktari akaniambia, mama, hii dawa ni moja, ni kampuni mbili tu. Unakunywa mara mbili.”

“Basi naacha zote,” alisema Harriet. “Leo.”

Edah hakubishana naye. Aliuweka ule mkono wenye kovu juu ya goti la Harriet.

“Mimi niliacha zote siku moja,” alisema. “Siku ya tatu nikaanguka kwa jiko. Watu wakasema basi, aliyechomwa moto akiwa ameanguka haponi tena, hata dawa msimpotezee. Mume wangu aliamini, akaenda zake. Nikarudishiwa dawa, moja, kwa kipimo. Huu ni mwaka wa tatu sijaanguka. Huo ndio mwili wangu, nimesema.”

“Sasa nifanye nini?”

“Sasa unasimama, unachukua hizi pakiti, unarudi kwa tabibu kabla hajafunga. Usipunguze mwenyewe hata kimoja. Mimi nakaa hapa na mkoba wako.”

Tabibu alizisoma pakiti zote mbili, akasoma maandishi madogo yaliyo nyuma, akauliza maswali mengi. Ilikuwa dawa ileile. Alimwagiza aache kabisa ile ya pili, akampangia namna ya kutumia iliyobaki, akamtaka arudi wiki ile ile na wiki iliyofuata. Alimweleza kwamba dawa ikizidi mwilini huvuruga macho na miguu, hasa saa chache baada ya kuimeza, ndiyo sababu asubuhi zilikuwa mbaya na mchana ulikuwa na nafuu.

“Na ile sanduku ya watu wa Buhehe?” Harriet aliuliza. “Ilikuwa mchana.”

“Hilo sijui,” tabibu alisema.

Wale wa kando hawakuondoka siku moja. Harriet anasema waliondoka kwa kusogea. Kila asubuhi walikuwa wamesimama karibu zaidi na wenye miili, bega kwa bega, kisha bega ndani ya bega, mpaka siku moja Bwire alipiga randa akiwa peke yake. Mchuuzi mmoja mmoja, baiskeli moja moja, waliingiana. Wa mwisho alikuwa wake mwenyewe, kwenye kioo. Alikaa siku mbili zaidi ya wengine wote.

“Nilipomwona ameingia, nilijishika kifua,” anasema. “Sikusikia kitu.”

Mwezi haukuwa umeisha. Bwire alimletea ubao mmoja, kisha misumari mitatu, akamtaka ahesabu. Aliporidhika alirudi kwenye randa yake.

“Mimi sikuogopa,” anasema Bwire. “Ni mbao tu zilikuwa na wasiwasi.”

Wateja wamerudi, ingawa wengine huingia wakiwa wamejikinga uso kwa kofia. Harriet hajaanguka tangu wakati huo. Kila Jumatano huketi na kundi, na mgonjwa mpya akija, yeye ndiye wa kwanza kuomba kuona kila pakiti iliyo mkobani.

Lililobaki ni la nyumbani.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Carol alikuja mwenyewe uani kwa Harriet. Mtoto alikuwa mgongoni, amefunikwa kichwa. Carol alimfungua, akamweka kifuani, akautoa uso wake kwenye leso.

“Wifi,” alisema, “nimemleta. Mwangalie, uniambie ni wangapi.”

Harriet alielewa mtego uliokuwa mbele yake. Akisema mmoja, Carol angerudi kila mtoto anapokohoa, na nyuma yake wangekuja wengine na kuku wao. Akikataa, Carol angelia usiku kucha.

“Sihesabu,” alisema.

“Basi umeona wawili.”

“Nimeona mtoto wa kaka yangu ana mafua. Mpanguse pua, kisha unipe nimbebe.”

Carol hakusogea. Harriet akaketi chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, kama Edah alivyomwonyesha: ukiwa chini hivi, hata ugonjwa ukija, mtoto ataviringika kwenye mapaja yako tu. Alimweleza wifi yake hivyo, neno kwa neno. Carol alisikiliza akiwa amesimama. Mwishowe naye akaketi, goti kwa goti, akampangusa mtoto pua kwa ncha ya leso. Hakumpa Harriet ambebe. Lakini hakumfunika tena.

Waliketi hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Mtoto alimtazama Harriet. Kisha akatazama kando yake kidogo, hewani, kwa muda mrefu, na kurudi kwa Harriet.

“Niliona anatazama pale,” anasema Harriet. “Sikugeuka.”

Tabibu amemwambia kwamba akikaa miaka kadhaa bila kuanguka, watazungumza upya kuhusu dawa. Hilo analingoja bila haraka. Jambo analolitaka liko karibu zaidi, nalo halina kidonge.

“Jumapili ijayo nitakuwa nimekaa chini kabla Carol hajafika,” anasema. “Sitamwomba. Nitanyoosha miguu tu, nifungue mikono, nimwache achague.”