Mfungo wa Mama Yangu na Chui wa Theluji

Shida zangu zilianza mwaka 1968, nikiwa na miaka ishirini na mbili na elimu ya darasa la nne, ambalo nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Sisi Wahindi wa Mombasa wenye pasi ya Mwingereza tulikuwa tunakimbilia ndege kabla Uingereza haijatufungia mlango. Tukaondoka, mimi na mama yangu, tukapata chumba kimoja Tottenham, London, chenye dirisha lisilofunga.

Kazi niliipata kwa uongo. Bustani moja ya wanyama ilitafuta mtu wa kulisha chui. Mkuu wa watunzaji, Mwingereza mrefu mwenye makovu mikononi, aliniuliza natoka wapi. Nikasema Afrika. Akauliza kama nawajua chui.

"Nimekua nao," nikasema.

Chui niliyekua naye alikuwa ngozi iliyotundikwa katika duka la vinyago la jirani yetu, na hata hiyo nilikuwa naipita mbio.

Kumbe chui wenyewe hawakuwa wa kwetu. Walikuwa chui wa theluji, wa milima ya Asia, rangi ya jivu, mkia mnene kama mto wa kulalia. Baridi ikizidi hujifunika nao pua. Hawangurumi. Wakifurahi hupuliza kwa pua kama mtu anayepoza chai. Mimi niliyekua nao nilisimama pale na makoti mawili, nikiuonea wivu ule mkia.

Tena nyumbani kwetu hatuli nyama, hata yai. Sasa nikawa nakata mapaja ya farasi tangu asubuhi. Mzanzibari mmoja aliyefagia upande wetu, mtu aliyeikimbia nchi yake kabla yangu, aliniona siku ya kwanza nimeshika kisu kwa vidole viwili.

"Weye Muhindi, chui gani ulomjua weye? Wa kwenye kanga?"

"Nyamaza, bwana, wasikusikie."

"Watanisikia wapi, na Kiswahili hawajui. Shika kisu hicho, si kalamu."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, wala sikumshukuru. Nilikuwa na kiburi cha mtu asiye na kitu.

Bustani ilikuwa na dume mmoja, na jike aliyeletwa kwa lori kutoka bustani nyingine. Dume alikuwa na mtunzaji wake, jike alikuwa wangu. Mkuu alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Huko milimani wafugaji wanawaua kwa sababu wanakula mbuzi wao, wawindaji wanawaua kwa ngozi za makoti ya kina mama matajiri, na bustani nazo zinanunua waliotegwa.

"Nataka wazaliwe hapa," alisema, "ili bustani isiwe na sababu ya kumtegea hata mmoja."

Wiki nyingi wale wawili walikaa wametenganishwa na wavu, wazoeane harufu. Sharti lilikuwa moja: siku ya kufungua wavu, jike awe ameshiba tangu jana yake. Akiwa na njaa atakuwa mkali, watapigana, na dume ana nguvu za kumuua.

Mama nilimwambia nafanya kazi ya ukarani. Jioni moja, akikunja suruali yangu, akatoa kwenye pindo kipande cha mfupa. Akakiweka juu ya gazeti.

"Hiki cha nani?"

"Cha farasi, mama."

"Ulisema wewe karani."

"Naandika pia, kwenye daftari la malisho."

Hakusema nami siku mbili. Ya tatu nikajaribu bahati.

"Mama, hao chui nao wanafunga. Kila Jumatatu hawapewi kitu ila maji. Ni utaratibu wa bustani, wa kupumzisha tumbo."

"Kila Jumatatu?"

"Kila Jumatatu."

"Basi wana adabu kukushinda."

Yeye alifunga mara mbili kwa mwezi, kwa kufuata mwezi wa mbinguni. Akanipa masharti. "Siku ninayofunga, mkono wako usiguse nyama. Chui kazaliwa hivyo. Wewe hukuzaliwa hivyo."

Tangu hapo, siku za mfungo wa mama, Mzanzibari alibeba ndoo yangu na mimi nikabeba ufagio wake. Malipo yake yalikuwa chevda ya mama, ule mchanganyiko mkavu wa dengu na karanga wenye pilipili.

Ikaja Jumanne moja ya Januari. Mama amefunga. Mzanzibari yuko kitandani na mafua. Ningeweza kumwomba mtunzaji yeyote, lakini ningemwambiaje Mwingereza kwamba mtu aliyekua na chui ameshindwa kugusa nyama kwa kumwogopa mama yake? Siku ya kufungua wavu sikuwa nimeambiwa. Nikajiambia kwamba jike amefunga jana, afunge na leo, apate thawabu. Ndoo sikuigusa. Daftarini nikaandika: amekula yote. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri kupita siku zote.

Jumatano asubuhi mkuu alifika na watu wawili na mpira wa maji wa kuwatenganisha. Akasoma daftari.

"Vizuri. Leo tunafungua."

Jike alikuwa akienda na kurudi kando ya wavu, masikio yamelala. Wao walisema anamtaka dume. Mimi nilijua anataka nini. Mkuu akashika komeo. Nikifungua mdomo, kazi imekwenda, na chumba cha mama kimekwenda nayo. Nikinyamaza, huenda nikamwona yule mnyama akiraruliwa mbele yangu.

"Hajala," nikasema.

Mkono wake ukasimama. "Umeandika amekula yote."

"Nimeandika uongo. Hajala siku mbili."

"Kwa nini?"

"Mama yangu amefunga."

"Mama yako amefunga, chui ndiye akakosa chakula?"

"Ndiyo, bwana."

Akaachia komeo, akaninyang'anya funguo. Hakunifukuza. Alisema mtu anayeogopa nyama apelekwe kwa karoti, nikahamishiwa jiko la matunda la nyani. Jike akalishwa vizuri, wavu ukafunguliwa baada ya siku tisa bila damu. Nilikuwa namenya karoti Mzanzibari aliponiletea habari. Mwanzo wa kiangazi walizaliwa watoto wawili. Walipokua, mmoja alipelekwa bustani ya nchi nyingine akaanzishe uzao wake, na huko hawakununua chui aliyetegwa. Nilijisifu sana, kana kwamba mimi ndiye baba.

Katika jiko lile ndipo nilipowajua madereva wa soko la jumla, nikajua nani analeta ndizi na nani analeta bamia, na kwamba Wahindi wenzangu walikuwa wanazitafuta London nzima. Nikaanza na meza sokoni Tottenham.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne Kingsbury, hapa hapa London. Maduka mawili ya mboga, moja Kingsbury Road na moja Tottenham. Magari mawili ya mizigo. Chumba cha baridi cha kuhifadhia bamia na mihogo. Shamba dogo la minazi Kikambala, karibu na Mombasa. Goti moja la chuma, la kulia, nililowekewa hospitali uzeeni.