Posa Yangu kwa Walibertari Wawili

Hadi leo nikikumbuka nafunika uso kwa kiganja, lakini bora mnisikie mimi kabla shemeji zangu hawajawasimulia, maana wao wanatia chumvi.

Mimi nauza viatu Kariakoo, na sijawahi kumwachia mtu anipatanie bei ya kitu, hata nyanya. Sasa siku ya kumposa Mwanaidi, badala ya kubaki nyumbani kama waposaji wenye adabu na kumwachia mshenga, Mjomba Hamisi, kazi yake, nikang'ang'ania kwenda naye (nijionee, tusije tukapunjwa). Mjomba akanipa sharti moja: "Ukifika kule, wewe ni bubu."

Kule kuna wazee wawili. Baba yake Mwanaidi, Mzee Nassoro, ana duka la vitenge. Mdogo wake, Mzee Idi, ni kiongozi wa wamachinga wanaopanga bidhaa mbele ya duka hilohilo. Wote hawataki serikali iwapangie maisha. Vitabuni watu hawa wanaitwa walibertari, ila Nassoro ni wa kulia na Idi wa kushoto, na kinachowagawa ni baraza la saruji mbele ya duka. Nassoro anasema nimelijenga kwa jasho langu, ni langu, anayetaka kukaa tuelewane. Idi anasema saruji sawa, lakini ardhi iliyo chini yake uliiumba wewe? Hiyo ni ya wote, na ukiwatoza watu kwa kukaa, wewe nawe umeshakuwa serikali. (Mimi nikiwa ndani ya duka namuunga mkono kaka, nikitoka nje namuunga mdogo. Biashara.)

Basi Mjomba anashusha maneno yake ya heshima, mambo yanakwenda vizuri, mara Nassoro akasema, "Kijana wenu namjua. Anaheshimu mali ya mtu."

Idi akadakia, "Mali gani, kaka? Huyu ni wetu wa barazani! Juzi tu kaniambia ardhi haina mwenyewe."

"Nani kakwambia?"

"Si huyo hapo, muulize!"

Mjomba akanifinya paja, akaninong'oneza "Bubu!" hadi wazee wakasikia. Lakini mimi nikaiona posa inaota mbawa, nikafungua mdomo: "Wazee wangu, nyie mnagombania ardhi tu. Kwenye shina mko pamoja: mtu hamilikiwi na mtu, anajimiliki mwenyewe, na hakuna wa kumwamulia."

"Naam!" wakaitikia kwa pamoja, kitu ambacho sikuwahi kukisikia.

Nyuma ya pazia ikaja sauti ya Mwanaidi: "Eti? Sasa mbona mnaniamulia humo, mimi niko huku nakaanga sambusa?"

Mashangazi wakaangua kicheko, ukumbi ukavurugika, na Mwanaidi mwenyewe akatokeza, mikono imejaa unga. "Haya wewe. Baraza la nani?"

Nikamtazama baba, nikamtazama baba mdogo, nikarudia tena. "Sijui. Nilikuwa nawakubalia wote ili nikupate."

Idi alicheka mpaka kofia ikadondoka. Nassoro hakucheka. "Mshenga, mchukue bubu wako."

"Asiondoke, baba, ale kwanza," akasema Mwanaidi. "Jibu nitampa mwenyewe."

Akanipa kesho yake, pale kwenye viatu vyangu, wateja wanasikiliza: ndiyo, ila mahari atataja yeye na hakuna kupatana. Nikajaribu kupunguza kidogo. Akanitazama. Nikanyamaza.

Nimeapa, mwanangu akija kuoa, atakaa nyumbani kimya, mshenga aende. (Mimi nitamsindikiza mshenga, lakini.)